Godoro la Maonyesho

Tangu asubuhi Sikudhani alisimama kwenye banda la magodoro, akikaribisha watu kwa tabasamu aliloagizwa na bosi, hata mashavu yakamfia ganzi. Watu walichukua vipeperushi, wakapita zao.

Bibi mmoja akaligusa godoro lililofungwa nailoni. "Mjukuu wangu, hili linalaliwa?"

"La maonyesho tu, bibi."

Bibi akaitikia kwa kichwa, lakini miguu yake iliyovimba haikuondoka. Sikudhani akaitazama weee. Kisha, bila kumuuliza mtu, akaichana nailoni.

"Haya bibi, jilaze."

Bibi akajilaza, usingizi ukamchukua hapohapo. Wapita njia wakaanza kusimama, wakinong'ona. Sikudhani akaizima spika ya banda.

Bosi akawa anakuja, anapenya katikati ya watu. Sikudhani akabaki amezikumbatia kandambili za bibi, hatabasamu.