Shahidi wa Pili

Barke alifuta miwani kwa pindo la leso, akaiinamia kompyuta ya mjukuu wake.

"Hii picha ya anga ya jana, nyanya. Hii ya leo. Waona nini?"

Leo palikuwa na kidoa cheupe ambacho jana hakikuwapo.

"Ni nyota iliyokufa kitambo, ikamnyonya jirani yake hadi ikalipuka. Wataalamu wakiiwahi leo, watajua ilimnyonya nani. Lakini wataka shahidi wa pili baada yangu."

Miaka arubaini nyuma, papa hapa Mtongwe, Barke aliuona mwezi wa Idi peke yake. Akaambiwa shahidi mmoja hatoshi, na mtaa mzima ukafunga siku ya thelathini.

Akatazama tena, polepole.

"Andika jina langu. Nyota nimeiona," akasema. "Na mwezi ule niliuona, wallahi."