Skafu ya Mgeni Rasmi

Mbunge kijana, Mheshimiwa Lukindo, aliinamisha shingo avishwe skafu. Jina lake lilipanda kwa hotuba moja tu bungeni, eti msichana akishazaa asirudi shule, atawaharibu wenzake. Wakubwa walimpigia makofi, na sasa watu wanasema atapewa uwaziri.

Semeni, skauti wa kidato cha kwanza, alikuwa ameishika skafu bila kumvisha. Nje ya uzio wa shule alisimama dada yake Tabu, mtoto mgongoni.

“Vipi binti, sina shingo?” mbunge alitania. Watu wakacheka.

“Dada yangu alikuwa anaongoza darasa lake,” Semeni alisema kwa sauti ndogo. “Anarudi lini?”

Kicheko kikakatika.

“Wewe! Mvishe mgeni!” mwalimu mkuu alifoka.

“Dada yako alijitakia,” mbunge alisema, bado ameinama, akizitabasamia kamera. “Haya, nivishe.”

Semeni akageuka. Akatembea mpaka kwenye uzio, akapenyeza mikono katikati ya waya, akaanza kumfunga Tabu ile skafu. Kule nyuma mbunge alikuwa bado ameinama, shingo tupu, hajui ainuke au aendelee kungoja.