Mpini wa Kijiko

Katika yadi ile ya magari mabovu, fundi alishanichagulia injini ya kununua. Aliizungusha kwa spana, ikazunguka laini.

Mimi niliganda kwenye injini ya pembeni, iliyoliwa na kutu. Kijiti chake cha kupimia oili kilishakatika, mtu akakiunganishia mpini wa kijiko wenye nakshi ya maua.

Kijiko cha mama! Kilipopotea mama alitugombeza watoto wote, huku marehemu baba, aliyekuwa akiitengeneza pikapu yake mwenyewe kila ilipoharibika, akiendelea kula ameinamisha kichwa.

"Hiyo maiti, bosi. Achana nayo," fundi alisema.

Nikampigia mama simu. "Kile kijiko chako cha maua nimekiona. Kwenye injini."

Akacheka, akapenga kamasi.

"Baba yako huyo!"

"Fundi," nikasema, "tufungue hii ya baba."