Vijiko Vinne

Mstari wenyewe ulikuwa mwembamba kama uzi, umechorwa kwa wino mwekundu ubavuni mwa chupa ya sukari, sawasawa na mahali sukari ilipoishia. Jana haukuwepo. Msichana wa kazi aliuona hata kabla hajafungua kifuniko, akasimama akiutazama pale jikoni, ncha ya ulimi ikipapasa jino lake bovu.

Mwenye kalamu nyekundu nyumbani humo alikuwa mmoja tu. Mwalimu aliitumia kusahihishia madaftari. Juzi alikuwa amesema, bila kupandisha sauti, kwamba sukari inakwisha kana kwamba nyumba hii ina harusi kila siku. Yeye mwenyewe hanywi chai. Mama yake mzazi, Bibi, alikatazwa sukari na daktari tangu mwaka jana, kidonda cha mguuni kilipogoma kufunga. Kikiendelea kugoma, kidole kitakatwa.

"Nikimkamata anayempa mama yangu sukari," Mwalimu alisema, "siku hiyo hiyo atafunga virago."

Katika nyumba ya watu watatu hakuhitaji kutaja jina.

Msichana alitazama saa ya ukutani. Saa kumi kasoro dakika tano. Kule kibarazani Bibi alikuwa ameshaketi, mguu wenye bendeji juu ya kigoda, uso kauelekeza juani. Macho yake yalibakiza mwanga na vivuli tu, kwa hiyo raha zake zilikuwa za ngozi na za masikio: joto la jua likifika gotini, birika likianza kuimba, na zaidi ya yote kijiko kikigonga kikombe. Akiusikia mlio huo alitabasamu kabla hajapewa kitu.

Siku nzima waliishi wakiisubiri saa hiyo. Asubuhi kulikuwa na kudeki, kufua, kuosha kidonda, ambacho leo kingo zake zilionekana kukauka kidogo. Saa kumi walikuwapo wao wawili, ganda la mkate la kuchovya, na umbea wa jirani anayegombana na kuku wake.

Leo angeweza kuacha. Angesema tu sukari imekwisha. Akaufikiria uso wa Bibi utakavyokuwa, kisha akafungua chupa.

"Mbona kimya huko?" Bibi aliita. "Birika limekuteka?"

"Nakuja, Bibi."

"Viwili vyangu vijae. Na wewe jiwekee viwili, usinionee haya. Najua wewe na sukari mnavyopendana."

Msichana hakuwa mtu wa kujieleza. Hata shule aliiacha darasa la tano bila kumwambia mtu sababu. Akachota. Kimoja, viwili. Vitatu, vinne, kwa mlio wa kutosha Bibi avihesabu kwa masikio. Akakoroga vikombe vyote viwili, akihakikisha kijiko kinalia vizuri. Ndani ya chupa, sukari ilikuwa imeshuka chini ya mstari.

Alikuwa ndiyo kwanza anaweka sinia kibarazani aliposikia ufunguo mlangoni. Mwalimu hakuwahi kurudi kabla ya saa kumi na moja.

Viatu vilipita sebuleni, vikaingia jikoni, vikanyamaza. Msichana alijua vimesimama mbele ya nini. Akampa Bibi kikombe chake cha maua, akachukua cha kwake cha bati, akakigugumia wima, macho kayafumba, kama alivyokinywa kila siku.

Mwalimu akatokea, chupa mkononi.

"Mama, weka hicho kikombe chini."

"Ndiyo kwanza nakipuliza," Bibi alisema.

"Unapuliza sumu. Na anayekupa ni huyu."

Hakumtazama msichana. Alisema amemlisha, amemvisha, amempa kitanda cha peke yake cha kulala, na shukrani anayolipwa ni kuuliwa mama yake kijiko kwa kijiko. Alisema kesho alfajiri atampeleka stendi, arudi kwao.

Mwalimu akakitwaa kikombe cha maua mkononi mwa mama yake, akapiga funda kubwa, kama mtu anayekusanya ushahidi wakati hukumu ameshaisoma.

Akasita. Akanywa tena, polepole.

Kisha akamtazama msichana, aliyekuwa amejishika shavu. Akanyoosha mkono, akakichukua kile kikombe cha bati na kuonja kilichobaki. Uso ukamkunjamana. Chini ya kikombe sukari ilikuwa imelala nzito kama tope.

"Vyote vinne?" Sauti ilikuwa imempungua. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana," Bibi akajibu, huku akipapasa hewani kutafuta kikombe chake. "Macho yangu yamekufa, ulimi haujafa. Siku ile ya kwanza tu nilijua chai yangu haina kitu."

"Na ukanyamaza, Mama?"

"Ningesema, vijiko vyangu vingeacha kuchotwa. Mtoto wa watu ana raha gani nyingine humu ndani? Namsikia kila siku anavyoigugumia. Nikasema, acha apate na vyangu."

Mwalimu aliiweka chupa sakafuni. Jua lilikuwa limefika gotini kwa Bibi.

"Bibi," msichana alisema, mkono bado uko shavuni, "mimi sukari siipendi. Sijawahi kuipenda hata siku moja."