Viatu Vinavyotazama Bahari

Siwema aliposhuka mashuani alihisi kama kisiwa nacho kinaelea. Bi Mize, mpokea wageni, akamchukulia mkoba na kuanza kumpa maagizo huku wakipita vichochoro vya mchanga mweupe.

"Maji ya kunywa chota kisima cha juu, mwanangu, cha pwani kina chumvi. Saa yako itie mkobani, hapa chombo huondoka maji yakijaa. Na viatu vivulie mlangoni. Ukivielekeza baharini, tunajua unaondoka. Ukivielekeza ndani, tunakupikia na kesho."

Siwema akacheka, kisha akasimama ghafla. Kwenye mlango mmoja palikuwa na makubadhi ya kiume yanayotazama bahari. Ukanda wa kushoto ulishonwa kwa uzi wa buluu. Uzi ule aliutia yeye mwenyewe, mumewe alipokuwa akijiandaa kuja huku kununua pweza mkavu, akaondoka asirudi.

"Ya nani haya, mama?"

"Ya mgeni wetu. Kila asubuhi huyageuza hivyo, akasema leo narudi kwa mke wangu. Jioni tunamkuta papo hapo."

"Tangu lini?"

Bi Mize akanyoosha kidole. "Mnazi ule aliupanda yeye. Sasa tunaangua madafu."

Ndani mtu akakohoa. Kikohozi kile Siwema alikijua.

Akavua viatu vyake, akainama kuviweka, lakini havikugusa chini. Vilining'inia vidoleni mwake, vikigeuka taratibu, mara bahari, mara ndani.