Kumbikumbi wa Dadamu

Katika shule ya kijiji cha Dadamu, Marcelline, mwalimu mgeni kutoka Kongo, alikuwa akisoma shairi la Kiingereza kuhusu ukuu wa maumbile. Nyuma ya darasa aliketi mkaguzi aliyekuja kuamua kama ataajiriwa. Wanafunzi walisinzia.

Mvua ilipokatika, kumbikumbi wakamiminika madirishani, wakatambaa juu ya kurasa hata mistari isionekane.

"Mwalimu, kumbikumbi iko natoka," msichana mmoja alinong'ona.

Marcelline alimtazama mkaguzi. Kisha akafunga kitabu.

"Twende nje. Shairi iko huko."

Darasa zima lilikimbilia kichuguuni kwa vicheko. Marcelline alipogeuka, mkaguzi alikuwa amepiga magoti matopeni, koti lake amelitandaza kuwanasa kumbikumbi, mdomo umejaa.

"Mwalimu," alisema akitafuna, "shika koti upande ule."