Mikanda ya Mama Mkwe

Sheria ilikataza kaya yoyote kukaa mahali pamoja zaidi ya mwaka, kwa hiyo nyumba zote zilijengwa za kubebwa na malori. Siku ya kutoka Singida kwenda Njombe, Nyamizi alifunga mtungi wa gesi, akafunga kabati kwa mikanda, kisha akasimama mbele ya kitanda cha mama mkwe wake, aliyepooza miguu.

"Nifunge na mimi, mwanangu. Kaza."

Mume wa Nyamizi, Mughwai, aliendesha lori polepole, akisimama kukagua mikanda. Walifika salama, hata kikombe hakikuvunjika.

Nyamizi alipoinama kumfungua, mama mkwe alimshika mkono.

"Acha tu. Si tutahama tena?"

Nyamizi alilegeza mkanda wa kifuani, akaenda kuchemsha chai.